Koti la Maabara Linalohimili Moto: Jinsi ya Kulichagua, Kulivaa na Kulitunza

Pindua kola ya koti jeupe la maabara lililonunuliwa Kariakoo au River Road, usome kile kilebo kilichoshonwa shingoni. Mara nyingi utakuta: poliesta 65%, pamba 35%. Kitambaa hicho kina sifa zake. Hakijikunji ovyo, hukauka upesi, hubaki cheupe na bei yake inabebeka, ndiyo maana wanafunzi wa udaktari, wafamasia, walimu wa kemia na mafundi sanifu karibu wote wanacho. Ubaya wake huonekana siku moto ukikigusa. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hadi 260 za Selsiasi, na katika mchanganyiko huu haipati hata nafasi ya kudondoka chini: pamba iliyoungua hubaki imesimama kama utambi, ikiishikilia poliesta iliyoyeyuka iendelee kuwaka juu ya mwili wa mvaaji.

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua koti kwa ajili yake mwenyewe, au aliyepewa kazi ya kuandika orodha ya manunuzi ya maabara nzima. Nitakaa zaidi kwenye kitambaa, lebo na ufuaji, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Na tukubaliane jambo moja tangu mwanzo: hakuna koti linalokuruhusu kusimama ndani ya moto. Koti zuri linakupa sekunde chache za kurudi nyuma, kulivua na kufika kwenye maji, bila lenyewe kugeuka kuwa kuni.

1. Orodhesha vinavyowaka mezani pako

Kabla ya kutafuta duka, simama mbele ya meza unayofanyia kazi na uandike kila kimiminika, gesi au unga unaoweza kuwaka, kiasi chake, na umbali wake kutoka kwenye moto, jiko la umeme au swichi yenye cheche. Andika kiasi halisi kinachokuwa mezani wakati wa kazi, si kile kilichomo stoo.

Kisha angalia joto la mmweko la kila kimiminika, yaani joto ambalo mvuke wake unatosha kushika moto ukipata cheche. Ethanoli safi ni takriban nyuzi 13, methanoli 11, asetoni karibu 20 chini ya sifuri, heksani 22 chini ya sifuri, na etha 45 chini ya sifuri. Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hakuna saa ya mchana ambayo chumba kina nyuzi 13. Kwa hiyo bika ya ethanoli iliyoachwa wazi kwetu iko tayari kuwaka muda wote. Inasubiri cheche tu.

Watu wakisikia "moto maabarani" huwaza viwanda vya mafuta au vyuo vikuu, lakini moja ya kazi zenye moto wa wazi ulio karibu kabisa na mikono hufanyika kwenye vituo vya afya vya kawaida: kupaka rangi slaidi za makohozi kwa njia ya Ziehl-Neelsen kutafuta vimelea vya kifua kikuu. Slaidi zimepangwa juu ya sinki, zimefunikwa kwa rangi ya kaboli fuksini, na fundi anapitisha mwali wa spiriti chini yake mpaka mvuke uanze kupanda. Dakika chache baadaye, kwenye sinki lile lile, anamwaga asidi iliyochanganywa na alkoholi kuondoa rangi. Moto na alkoholi viko umbali wa mkono mmoja, na mkono wenyewe umevaa poliesta.

Mfano mwingine ni wa maabara ya mikrobiolojia: kijiti cha kioo cha kusambazia vimelea kinachovywa kwenye ethanoli kisha kuchomwa. Kikirudishwa kwenye bika kabla hakijazimika, bika nzima inawaka, na jambo la kwanza mtu hufanya kwa mshtuko ni kuisukuma. Hapo ethanoli inayowaka inamwagika mapajani. Kuna pia kujaza taa ya spiriti ambayo bado ina moto au ina joto. Mwali wa methanoli mchana hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo anayeijaza anaweza kuapa kwamba taa ilikuwa imezimwa.

2. Punguza moto kwanza, fedha baadaye

Kila moto unaouondoa ni koti moja usilolazimika kulinunua. Upakaji rangi wa auramini, njia nyingine ya kutafuta vimelea vya kifua kikuu, kwa hadubini za mwanga wa LED hauhitaji kuchemsha slaidi. Vijiti vya plastiki vya kutumia mara moja vinaondoa bika ya ethanoli mezani. Kuchemsha viyeyushi (vimiminika vya kuyeyushia vitu vingine, kama asetoni na ethanoli) kwenye jiko la maji moto lisilo na mwali ni salama kuliko kichomeo cha Bunsen, na chupa ndogo yenye kiasi cha kazi ya leo ni bora kuliko galoni la lita mbili na nusu lililoachwa pembeni "kwa urahisi".

Orodha ikishapungua, ndipo unaangalia kilichobaki.

3. Jiweke kwenye daraja lako

Mimi hugawa kazi za maabara kwa madaraja matatu, na sioni haja ya zaidi ya hapo.

Daraja la kwanza ni kazi zisizo na moto wala kimiminika kinachowaka: hadubini, mashine za damu, myeyusho wa maji, vipimo vya haraka. Hapa adui ni damu na vimelea, na koti la kawaida lililofungwa vizuri linatosha. Kununua koti la aramidi, kitambaa ghali kinachohimili moto, kwa ajili ya mtu anayepima malaria kwa kipimo cha haraka ni kupoteza fedha ambazo zingenunua miwani.

Daraja la pili ni moto mdogo wa wazi au mililita kadhaa hadi mia kadhaa za kiyeyushi: taa ya spiriti, Ziehl-Neelsen, kichomeo cha Bunsen cha shule, zailini (kiyeyushi kinachowaka) kwenye maabara ya tishu. Kiwango cha chini hapa ni koti la pamba tupu, 100%, zito na lililofumwa kwa kubana. Pamba inawaka, nisikufiche, lakini haiyeyuki na kunata kwenye ngozi, na pamba nzito huwaka taratibu kuliko nyepesi. Kama bajeti inaruhusu koti linalohimili moto, chukua hilo.

Daraja la tatu halina mjadala: kemikali zinazojiwasha zenyewe zikikutana na hewa au maji, gesi zinazowaka zilizo kwenye shinikizo, na lita za viyeyushi karibu na joto. Butaililithiamu, trimethailialuminiamu, daiethailizinki, sodiamu haidraidi, potasiamu, fosforasi nyeupe. Tarehe 29 Desemba 2008, katika University of California, Los Angeles, msaidizi wa utafiti aliyeitwa Sheharbano Sangji, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa akivuta tert-butaililithiamu kwa bomba la sindano la plastiki. Pistoni ilichomoka, kemikali ikamwagika na kuwaka papo hapo. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alikuwa na sweta ya sintetiki. Alifariki tarehe 16 Januari 2009. Mwaka 2011 waendesha mashtaka wa Los Angeles walifungua kesi ya jinai, na tangu hapo makoti yanayohimili moto yakawa jambo la kawaida katika maabara za kemia za vyuo vya Marekani. Kwa daraja hili, pamba tupu haitoshi.

4. Chagua kitambaa

Ukiingia sokoni utakutana na familia tatu.

Ya kwanza ni aramidi, maarufu kwa jina la Nomex la kampuni ya DuPont. Uwezo wa kuhimili moto uko ndani ya unyuzi wenyewe, hauoshwi ukaisha. Ukiuweka kwenye mwali haudondoki. Unakuwa mweusi, unakakamaa na kunenepa kidogo. Aina inayotumika sana, Nomex IIIA, ina 93% Nomex, 5% Kevlar (aramidi nyingine) na 2% ya nyuzi za kaboni za kupunguza umemetuli, yaani umeme unaojikusanya kwenye nguo na kutoa cheche. Ni nyepesi, takriban gramu 150 hadi 200 kwa mita mraba, jambo la kushukuru kwenye joto la pwani. Kasoro zake ni bei, na jua: aramidi ikikaa muda mrefu kwenye mwanga mkali hupauka na kupoteza nguvu.

Ya pili ni pamba iliyotibiwa kwa kemikali za fosforasi kiwandani. Ikiguswa na moto inaungua na kuwa kaa jeusi, na moto ukiondolewa inajizima. Ni ya bei nafuu kuliko aramidi na ni laini mwilini, ila ni nzito, gramu 240 hadi 300 kwa mita mraba, na inategemea sana namna utakavyoifua. Usishtuke ukisoma lebo "pamba 88%, nailoni 12%". Huo ni mchanganyiko unaojulikana, na nailoni imewekwa ili kitambaa kisichakae upesi. Kama una cheti cha kiwango, unafaa.

Ya tatu ni michanganyiko ya modakriliki, unyuzi wa sintetiki unaohimili moto, na pamba au viskosi. Nayo uwezo wake uko ndani ya unyuzi. Angalizo: baadhi ya modakriliki huyeyuka kwenye asetoni. Kama unaosha vyombo kwa asetoni kutwa nzima, muulize muuzaji waziwazi kuhusu hilo, au chagua familia nyingine.

Hapo hapo niseme jambo ambalo dada zetu wengi hawalijui. Modakriliki ndiyo inayotengenezea nywele za rasta za Kanekalon, na kampuni ya Kijapani iliyo nyuma yake, Kaneka, inauza pia nyuzi za modakriliki kwa ajili ya nguo za kukinga moto. Usilichukue hilo kama ruhusa ya kuachia rasta zining'inie juu ya kichomeo. Nywele za bei rahisi sokoni si zote za modakriliki, na hata ambazo ni za aina hiyo husinyaa na kuunguza zikipata joto. Zifunge nyuma, ziingize ndani ya kola au kofia ya pamba.

Sasa mambo mawili ya kuyakimbia. Makoti ya kutupa, yale mepesi yaliyojaa kila stoo tangu wakati wa Korona, ni polipropilini, na huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi. Ukilivaa juu ya koti la Nomex ili lisichafuke, umeharibu kinga yote. Yapo ya kutupa yanayohimili moto, agiza hayo. La pili ni pamba iliyolowekwa kwenye maji ya boraksi na fundi wa mtaani. Ikiwa kavu na haijafuliwa inafanya kazi kweli, nawe utaonyeshwa kwa kiberiti mbele ya macho yako. Ikifuliwa mara moja tu, chumvi yote imeondoka na maji.

5. Soma lebo mpaka mwisho

Maneno "haishiki moto" yakisimama peke yake hayana maana. Unatafuta namba ya kiwango.

NFPA 2112 ni ya Marekani. Kitambaa huning'inizwa wima, mwali ukawekwa kwenye ukingo wa chini kwa sekunde 12, kisha ukaondolewa. Kinatakiwa kisiendelee kuwaka zaidi ya sekunde 2, sehemu iliyoungua isizidi sentimita 10, na kisiyeyuke wala kudondoka. Jaribio hilo hurudiwa baada ya kufuliwa mara 100. Halafu vazi zima huvalishwa sanamu yenye vihisi vya joto na kupigwa na moto wa ghafla kwa sekunde 3. Majeraha yanayokadiriwa hayatakiwi kuzidi 50% ya mwili. Soma tena namba hiyo ya mwisho. Vazi linaweza kufaulu mtihani huku makadirio yakionyesha karibu nusu ya mwili imeungua, ndiyo maana nimesema koti linanunua sekunde tu.

EN ISO 11612 ndiyo utakayoiona kwenye bidhaa za Ulaya. Chini ya alama ya mwali kuna herufi: A1 au A2 kwa kuenea kwa moto, B kwa joto la mwali, C kwa joto la mnururisho, D na E kwa metali iliyoyeyuka, F kwa kugusa kitu cha moto. Kwa kemia, tafuta A1 pamoja na B na C. D na E ni za wenzetu wa viwanda vya chuma.

EN ISO 14116 ni ya kinga nyepesi zaidi, na ina fahirisi 1, 2 na 3. Fahirisi 1 ina maana moto hauenei, lakini kitambaa kinaweza kutoboka, na haikusudiwi kuvaliwa karibu na ngozi. Ukiona bei nzuri mno, angalia kama si fahirisi 1. Kwa koti la maabara nunua 3.

Ukiona EN 13034, hiyo ni kinga dhidi ya matone ya kemikali. EN 1149-5 ni ya umemetuli. Koti lenye zote tatu, moto, matone na umemetuli, lipo, na kwa maabara ya viyeyushi ndilo ningelipigania kwenye kikao cha bajeti.

Baadhi ya wauzaji watakuonyesha karatasi ya NFPA 701. Hiyo ni ya mapazia. Wengine watakuletea nguo za mafundi umeme zenye kipimo cha kalori kwa sentimita mraba. Hizo zinahimili moto kweli, lakini ukataji wake si wa maabara na unalipia kitu usichokihitaji.

Na ukikuta mitumbani overoli ya bluu yenye lebo ya Nomex? Kitambaa chenyewe kinaweza kuwa bado kizima, kwa kuwa ni aramidi. Ikiwa ni pamba iliyotibiwa, huwezi kujua imefuliwa kwa nini na mara ngapi, wala imelowa mafuta gani. Mimi singeinunua kwa kazi ya daraja la tatu.

Jaribio la uzi mmoja

Lebo ikiwa imefutika, au humwamini muuzaji, chomoa nyuzi chache kutoka kwenye upindo wa ndani. Nenda nje, mbali na viyeyushi, uwe na ndoo ya maji. Shika nyuzi kwa koleo ndogo ya chuma, zisogeze taratibu kwenye mwali, kisha ziondoe.

Poliesta na nailoni hujikunja kabla hata ya kugusa mwali, huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Pamba ya kawaida hushika mara moja, hunuka karatasi iliyoungua, huendelea kuwaka baada ya mwali kuondolewa na kuacha jivu laini la kijivu. Pamba iliyotibiwa huungua ikiwa ndani ya mwali, ikitoka inazimika na kubaki nyeusi ikiwa na umbo lake. Aramidi haikuonyeshi tamasha lolote. Inakuwa nyeusi na ngumu, basi. Mchanganyiko wa poliesta na pamba ndio unaodanganya, maana unawaka na kunuka karatasi, lakini ukikisugua kile kilichobaki baada ya kupoa unakuta vichembe vigumu.

Jaribio hili linakwambia kitambaa ni cha familia gani. Halichukui nafasi ya cheti.

6. Angalia mshono, vifungo na urefu

Koti liwe na mikono mirefu inayofika kwenye kifundo cha mkono na kubana hapo, iwe kwa kifungo au kwa ukingo uliofumwa wa kunyumbuka. Ukingo huo nao uwe wa kitambaa kinachohimili moto. Usikubali wa poliesta. Mikono mipana ya makoti ya daktari ndiyo inayokokota mwali. Urefu ufike magotini, na kola ifunge mpaka juu.

Vifungo viwe vya chuma vya kubonyeza, visiwe vya kupenyeza tunduni, na chuma chake kisiguse ngozi upande wa ndani. Shika kingo mbili za koti kifuani, vuta kwa nguvu mara moja: linatakiwa kufunguka lote. Mfanyie kila mtu jaribio hilo siku anapokabidhiwa koti lake. Zipu ni nzuri mpaka siku inapokwama.

Halafu kuna fundi cherehani. Koti limeagizwa kutoka nje, mikono ni mirefu, linapelekwa kwa fundi wa jirani kupunguzwa, naye anashona kwa uzi wa poliesta kwa sababu ndio uzi alio nao. Moto ukija, kitambaa kinabaki na mshono unayeyuka. Mkono wa koti unafunguka kuanzia kwapani. Vivyo hivyo kwa nembo ya chuo na jina lililotariziwa kifuani. Agiza saizi sahihi tangu mwanzo, wanawake wapewe za wanawake, na uagize pamoja na rola moja ya uzi wa aramidi kwa marekebisho. Jina liandikwe kwa wino kwenye lebo ya ndani.

7. Vaa kuanzia kwenye ngozi

Joto linapita koti hata kama koti halijawaka. Kilichopo chini yake kikiwa cha kuyeyuka, kitayeyuka kikiwa kimefunikwa vizuri, mahali ambapo huwezi kukifikia.

Jezi ni mfano mkubwa. Iwe ya Simba, Yanga, Gor Mahia au Arsenal, karibu zote ni poliesta tupu, na siku ya mechi utazikuta chini ya makoti meupe ya nusu ya darasa. Taiti za spandeksi, soksi za nailoni, sweta za akriliki za asubuhi za Iringa na Limuru, dera zito la sintetiki, vyote viko kundi moja. Vaa fulana ya pamba na suruali ya pamba au jinzi isiyo na mchanganyiko mkubwa wa spandeksi. Koti linaishia magotini, kwa hiyo suruali ndiyo kinga ya miguu. Anayevaa sketi aivae ndefu, ya pamba, isiyo pana. Kitenge na khanga usivihukumu kwa macho. Siku hizi vingi ni poliesta, fanya jaribio la uzi.

Hijabu inahitaji kuzungumzwa kwa heshima na bila kuizunguka. Mtandio wa shifoni ni mwepesi, unapepea, na kwa kawaida ni poliesta. Kwenye taa ya spiriti ni hatari kubwa. Ufumbuzi ni hijabu ya pamba nzito iliyobana kichwa, ncha zake zikiingizwa ndani ya kola ya koti kabla ya kufunga. Kwa daraja la tatu zipo zinazohimili moto, na chuo kinachonunua makoti kiziweke kwenye oda hiyo hiyo. Isiwe kazi ya binti kujitafutia.

Viatu viwe vya ngozi, vilivyofunika mguu wote. Glovu nyembamba za nitraili huwaka na kuganda mkononi, kwa hiyo kwa kemikali zinazojiwasha vaa glovu za aramidi ndani na za neoprini juu yake. Vaa miwani ya kinga, na ngao ya uso pale panapohitajika.

8. Fua bila kuua kinga

Makoti mengi mazuri hufia kwenye beseni.

Jiki kwanza. Klorini huharibu pamba iliyotibiwa na hudhoofisha aramidi, na bleach za oksijeni nazo hazitakiwi kwenye pamba iliyotibiwa. Koti la maabara likiwa na doa, mkono wa mfuaji huenda kwenye jiki wenyewe bila kuulizwa, kwa hiyo agizo lisiandikwe kwenye karatasi ya ukutani pekee. Liandikwe kwa wino usiofutika kwenye lebo ya koti: USITIE JIKI.

Sabuni ya mche ni tatizo la pili, na kwa maeneo mengi yetu yanayotumia maji ya kisima ni kubwa kuliko la kwanza. Maji yenye chumvichumvi nyingi za kalsiamu na magnesiamu hukutana na sabuni na kutengeneza ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni. Utando huo huingia kwenye kitambaa, na mafuta yaliyomo ndani yake yanawaka. Tumia sabuni ya unga au ya maji isiyo na bleach, suuza mara mbili au tatu, na kama unaweza suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua.

Usitie wanga. Najua koti jeupe lililokakamaa linapendeza, lakini wanga ni chakula cha moto. Usitie kilainisha nguo pia, kwa sababu hiyo hiyo. Geuza koti nje ndani, fua peke yake, maji yasizidi nyuzi 60 isipokuwa lebo imeruhusu, anika kivulini. Pasi ya joto la kati haina shida.

Na koti lisifuliwe nyumbani. Lililobeba kemikali au vimelea halina sababu ya kulala beseni moja na nguo za mtoto. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya 2007, zinamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi mavazi ya kinga yanayofaa. Ufuaji uingizwe kwenye bajeti hiyo hiyo. Weka nukta moja ya wino kwenye lebo kila koti linapofuliwa. Ni rekodi ya bei nafuu, na haipotei na daftari.

9. Nunua machache, yanayofaa

Maabara ya watu ishirini ambamo wanne tu wanagusa kemikali zinazojiwasha haihitaji makoti ishirini ya Nomex. Nunua sita au saba ya saizi tofauti, ya rangi tofauti, bluu kwa mfano, yaning'inizwe pembeni ya kabati la kuvutia mvuke. Sheria ya chumba inakuwa nyepesi: asiyevaa bluu hafungui kabati hilo. Rangi humwonyesha msimamizi kosa akiwa mlangoni. Wengine walio daraja la pili wapate pamba tupu badala ya mchanganyiko wa poliesta. Hapo tofauti ya bei kwa koti si ya kutisha.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mambo manne kwa maandishi: kiwango na mwaka wake, cheti kutoka maabara huru ya upimaji, mchanganyiko wa kitambaa kwa asilimia pamoja na uzi wa kushonea, na masharti ya kufua. Anayeleta picha ya koti linalopigwa na moto kwenye simu yake hajajibu hata moja.

10. Likiwaka, na likichoka

Kama moto umeshika nguo: usikimbie. Bafu la dharura likiwa hatua chache tu, ingia chini yake na uvute koti lifunguke huku maji yakimwagika. Likiwa mbali, lala chini, bingirika, wenzako wakusaidie kuzima, kisha maji. Ngozi iliyoungua ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala asali, na nguo iliyonata kwenye ngozi isibanduliwe. Hakikisha bafu hilo linatoa maji leo. Kwenye maabara nyingi bomba lipo, maji hayapo, na chini yake pamegeuzwa stoo ya maboksi.

Koti lililowahi kupigwa na moto halirudi kazini, hata kama linaonekana zima. Lililolowa kiyeyushi linavuliwa saa hiyo hiyo na kuachwa mahali penye hewa, mbali na moto. Doa la mafuta lisilotoka, tundu, mshono ulioachia, kitambaa kilichoisha kiasi cha kuona mwanga ukikiinua dirishani: toa. Likate kola na mikono kabla ya kulitupa, maana likitupwa zima litaokotwa, litafuliwa kwa jiki, na litauzwa tena kwa mtu atakayeiamini lebo yake.